Mafuta ya Chelezo Yaliyopikwa Ugogo

Mbukwenyi, wanangu. Ninyi mnaoanza kazi siku hizi mkiniuliza nilifanya kazi gani ujanani, nami nikawajibu kwamba nilikuwa napika mafuta ya meli, huwa mnatazamana, kisha mnacheka. Chekeni tu. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza. Dodoma hakuna bahari wala ziwa, na mito yetu kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Lakini ni kweli. Enzi za Mdachi, manowari za serikali na stima za wafanyabiashara zilipandishwa nchi kavu zikiteleza juu ya mafuta niliyoyapika mimi, Sechelela, nyuma ya stesheni ya Dodoma, moshi ukinitoa machozi na mbwa wa mji mzima wamenizunguka.

Meli ikikaa sana majini huota majani na makome tumboni, na mabati yake huliwa na kutu. Lazima itolewe nje ikwanguliwe, izibwe, ipakwe rangi. Mahali pa kuitolea huitwa chelezo. Ni njia ya mbao nene inayoshuka kutoka nchi kavu hadi ndani ya maji, na juu yake kuna kitanda cha magogo. Meli hukalia kile kitanda, mnyororo hukivuta, nacho hupanda taratibu pamoja na meli yake. Sasa mbao zikisuguana na mbao zingine chini ya mzigo kama ule, bila mafuta katikati haziendi popote. Hapo ndipo kazi yangu ilipoingia.

Nilifikaje huko? Njaa ndiyo iliyonifikisha. Mume wangu alichukuliwa upagazi akafia safarini, mvua zikagoma, na ng'ombe wa ukweni wakaisha kwa ugonjwa. Nikashuka stesheni na wanangu wawili kutafuta chochote. Penye machinjio ya wafanyakazi wa reli nikaona jambo lililoniuma moyo: mafuta ya ng'ombe, shahamu nzuri nyeupe, yanatupiwa tai. Kwetu mafuta hayatupwi. Nikaomba niyachukue, nikayapika, nikayachuja kwa kitambaa, nikawa nawauzia watu wa taa na wa kulainisha ngozi.

Siku moja akasimama mbele ya sufuria yangu Mjerumani aliyesimamia ghala la reli. Watu walimwita Bwana Kipimo, kwa sababu hakuwa na neno jingine kinywani. Magunia yake, misumari yake, hata chai yake, vyote kwa kipimo. Alichovya kijiti kwenye mafuta yangu, akakiinua kwenye mwanga, akakinusa.

"Mama, haya ni safi," akasema. "Unaweza kupika pipa zima?"

"Naweza, Bwana, nikipata kuni."

"Mapipa mengi?"

"Nikipata na wenzangu."

Basi nikapata kuni, na wenzangu nikawapata. Sitawadanganya kwamba enzi zile zilikuwa tamu. Kiboko kilikuwepo, na mume wangu sikurudishiwa. Nikisema nashukuru, nawashukuru watu, wale niliofanya nao kazi mkono kwa mkono. Wawili hasa: Halima wa Kondoa na Mzee Feruzi.

Halima alikuja Dodoma na misafara ya nta. Kwao wanarina asali, na nta yake aliileta imefinyangwa kama mikate, inanukia mpaka barabarani. Alikuwa Mwislamu wa kuswali swala zote, mcheshi, hodari wa matusi yasiyoumiza. Alipochoka kutembea na mizigo akaja kupika nami. Kiswahili changu kingi nilikichota kwake, na ndiyo maana mpaka leo nikikasirika nasikika kama mtu wa Kondoa.

Mzee Feruzi aliletwa kwa gari moshi kutoka pwani atufundishe. Alikuwa serahangi wa zamani, mkubwa wa wavuta minyororo kwenye chelezo. Alishuka stesheni kwa mkongojo, mguu wa kushoto umepinda kuanzia gotini, amevaa kanzu safi kabisa. Akaangalia huku na huku, nyika tupu na vumbi.

"Shikamoo, Mzee," nikamwambia.

"Marahaba, binti. Hii ndiyo bandari yenyewe?"

Halima akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile tukampenda.

Kazi aliyoianza ni kuonja mafuta yangu. Alitia kidole, akalamba, akatema mbali.

"Umeweka chumvi!"

"Ndiyo, Mzee. Yasiharibike."

"Mwanangu, bahari ina chumvi yake ya kutosha. Haijatuma mtu Ugogo kuomba nyingine."

Nikajifunza upya. Shahamu ikatwe vipande vidogo. Maji yatangulie sufuriani, mafuta yafuate, yasije yakaungua chini. Moto uwe wa kuni nene zisizo na papara. Povu litolewe lote, maana ndilo linalooza na kunuka. Yakishapoa, yageuzwe, uchafu wa chini ukwanguliwe kwa kisu. Ninyi mnaotumia mashine msidharau hili la mwisho: kila kitu kina upande wake wa chini, na huko ndiko uchafu unakojificha.

Kisha akatujengea chelezo. Hapo hapo Dodoma! Palikuwa na kichuguu kikubwa ng'ambo ya reli. Alilaza mbao mbili ndefu juu yake zikainama mpaka chini, akaweka sanduku zito lenye miguu ya mbao, akalijaza vyuma chakavu. Tulipaka mafuta, tukafunga kamba, tukavuta. Wapita njia walisimama wakatucheka. "Meli ya kichuguu hiyo, inakwenda wapi leo?" Mzee Feruzi alikuwa akiwajibu kwa heshima zote kwamba inakwenda Unguja, wapande.

Katika mapumziko, siku moja, nilimuuliza kwa nini anahangaika hivyo na sanduku. Mafuta ni mafuta, yanateleza.

Akanyoosha ule mguu wake kwa mikono miwili. "Yapo mafuta yanayoteleza kwenye kidole na kukukimbia kwenye mzigo," akasema. "Nilipokuwa pwani, chelezo chetu kilikuwa na kila kitu cha aina tatu. Manowari ina magogo yake na kabari zake. Stima zina zao, mashua za forodha zina zao. Manowari ikitaka kupanda, tunabomoa kitanda cha stima. Stima ikitaka, tunabomoa cha manowari. Na kila nahodha analeta mafuta anayoyaamini yeye. Mmoja ya nazi, mmoja ya papa, mmoja ya kutoka Ulaya. Siku hiyo walipaka ya nazi. Mzigo ulipokaa, mafuta yakakamuliwa yakatoka yote. Mbao ikauma mbao. Kitanda kikasimama, mnyororo unaendelea kuvuta, unakaza, unakaza. Halafu kikaruka mara moja kama mbuzi, mnyororo ukakatika, meli ikarudi chini. Mimi nilikuwa pembeni, ikanichukua mguu tu. Walikuwepo waliokuwa chini yake."

Hakuwataja majina. Akaokota mkongojo, akaturudisha kazini.

Tangu hapo nilipika kwa namna nyingine. Zamani nilipika ili nilishe wanangu. Sasa kila nikikoroga nilimwona mtu asiyenijua amelala chali chini ya chuma kikubwa, hana habari kama kuna mwanamke Ugogo.

Shida yetu kubwa ilikuja na mapipa ya kwanza. Wakati huo Wadachi walikuwa wameamua kwamba vyelezo vyao vyote, cha pwani na cha ziwani, viwe na vifaa vya namna moja. Maseremala walichonga magogo na kabari za kimo kimoja, ili kitanda kilichopandisha manowari leo kipandishe stima kesho bila kubomolewa. Mafuta nayo yalitakiwa yawe ya aina moja. Tukayafunga, mengine yakaenda pwani kwa gari moshi, mengine yakaenda magharibi mpaka reli ilipoishia, kisha wapagazi wakayabeba kwenda ziwani. Majibu yakarudi. Pwani wakasema tumewapelekea supu. Ziwani wakasema tumewapelekea mawe.

Bwana Kipimo alitukusanya. Uso wake ulikuwa mwekundu, lakini hakupiga kelele. "Wakubwa wamesema mara moja tena," akatuambia. "Yakiharibika tena, tunanunua Ulaya. Jiko hili linafungwa."

Hatukuwa na kwingine. Mwaka ule shamba halikuwa limetoa kitu, na wanawake wote wa jikoni walilisha nyumba zao kwa sufuria zile.

"Pwani kuna joto, Bwana," Mzee Feruzi akasema. "Na ziwani asubuhi kuna baridi. Wapikiwe mbalimbali."

"Hapana. Kipimo kimoja. Mapipa yakibadilishana njiani, je? Pipa la ziwani likienda pwani, nani atakufa?"

Mzee akautazama mguu wake. Nilimwona akiukubali ukweli ule kwa shida, kama mtu anayemeza dawa. Basi ikabidi tutafute mafuta ambayo pwani hayayeyuki na ziwani hayapasuki.

Bwana Kipimo alileta kijiti chake cha kioo cha kupimia joto, akawa anatuambia pipa gani limeyeyuka mapema, lipi limechelewa. Mimi nilibonyeza kwa kidole gumba, nikaapa kwamba moja limefaa. Kijiti kikasema halifai. Tulipolipeleka kichuguuni jua likiwa kali, mafuta yakachuruzika kwenye mbao kama jasho. Kidole changu kilikuwa cha mtu aliyezoea upepo wa Dodoma. Joto la pwani hakikulijua.

Halima ndiye aliyesema nta. "Nta yangu ilivuka nyika yote juani mgongoni mwa punda, haikuyeyuka." Tukachanganya nta kwenye shahamu. Joto ikalishinda kweli. Lakini tulipovuta sanduku likagoma. Nta ilikuwa imegeuka gundi. Tukaongeza watu kwenye kamba, tukavuta kwa nguvu zote, na kufumba na kufumbua sanduku likachomoka, likaruka, kamba ikakatika. Sanduku likashuka kichuguu kwa kasi na vyuma vyake. Mzee Feruzi alikuwa amesimama chini. Halima alimrukia wakaanguka wote wawili mavumbini, sanduku likapita.

Alipoinuka kanzu ilikuwa nyekundu kwa vumbi. Nikadhani atasema tuache. Akakaa juu ya kichuguu, akajifuta uso, akasema taratibu, "Sasa mmeona. Ndivyo inavyoruka. Tuendelee."

Siku kadhaa sikuwa na hamu ya chakula. Halafu nikamkumbuka mama yangu akilainisha ngozi ya kuvaa. Ngozi ikikaa na mafuta ya ng'ombe peke yake hukauka ikavunjika, kwa hiyo mama alitia na mafuta ya mbarika, na ngozi ikawa laini hata wakati wa baridi. Nikasema tujaribu. Tukakamua mbarika, tukatia kidogo, tukaongeza, tukapunguza. Tulivuta lile sanduku mpaka viganja vikachubuka. Siku moja likapanda. Tukalisimamisha katikati, likatulia. Tukavuta tena, likaondoka polepole bila kushtuka, kama linasukumwa na mtu mpole. Mzee Feruzi aliliinamia akatazama zile mbao, akapitisha kidole. Mafuta yalikuwa bado yapo, hayajakamuliwa.

"Hayo," akasema. Basi.

Tulishangilia mapema. Mapipa yaliyofuata yakatoka tofauti tofauti, moja gumu, jingine laini, na kila mpishi akaapa kwamba amefuata idadi ya vibuyu tuliyokubaliana. Tukaanza kushukiana. Bwana Kipimo akaomba vibuyu vyetu, akavipanga mstari mezani, akajaza kimoja maji, akamimina kwenye cha pili. Yakamwagika. Akamimina kwenye cha tatu. Hayakukijaza. Hakutukana. Alitutazama mmoja mmoja, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue, nasi tukacheka. Kesho yake kila mwanamke alikuta kopo la bati, yote yamekatwa na fundi mmoja. Wengine walinung'unika, maana kibuyu chako unakizoea kama mkono wako. Mimi sikunung'unika. Lile neno lake nililolichoka masikioni nililielewa hapo. Mtu wa pwani aliye chini ya meli hawezi kuuliza leo kapika nani. Ni haki yake pipa liwe lile lile.

Miaka ile haikudumu. Vita vilikuja, jiko likafungwa, mapipa yakachukuliwa na askari, na Bwana Kipimo akaondoka na Wadachi wenzake. Halima alirudi Kondoa, akaolewa, akazeeka vizuri. Mzee Feruzi hakurudi pwani. Alisema ameshazoea bandari yake. Alifia Dodoma wakati wa ile njaa iliyofuata vita, nami nilikuwa mmoja wa waliomuuguza. Chakula kilikuwa cha kutafuta kwa tochi mchana, lakini kile kidogo tulichopata hatukumnyima. Alinifundisha kazi bila kunifanya nijione mjinga, na katika umri wangu huu nimeona kwamba walimu wa namna hiyo si wengi. Mkimpata wa kwenu, msalimieni kila asubuhi.

Lakini kuna siku nataka niwasimulie kwa urefu wake. Ni siku mapipa ya mara ya mwisho, yale ya kuokoa jiko, yalipojaribiwa pwani. Bwana Kipimo alitaka Mzee Feruzi ayasindikize. Mzee akakataa.

"Aende Sechelela," akasema. "Hajawahi kuona anachokipikia."

"Mzee, mimi siijui bahari."

"Bahari huna haja nayo. Tazama mbao."

Tukapanda, mimi na Halima, katika behewa la mizigo pamoja na mapipa yetu. Bahari yenyewe niliiona, ni kubwa, wala sikuwa na nafasi ya kuishangaa. Msimamizi wa chelezo alikuwa serahangi mmoja mnene aitwaye Sudi, aliyewahi kufanya kazi na Mzee Feruzi. Alifungua pipa, akabonyeza kwa kidole gumba, akatutazama.

"Mafuta ya meli kutoka Ugogo," akasema. "Na wapishi wanawake. Feruzi ana kichaa au ana hekima?"

"Amekusalimia," nikamjibu. "Amesema utazame mbao."

Akaacha kutabasamu. Akawaita watu wake, wakapaka.

Ilianza manowari. Sikuwahi kuona kitu kikubwa hivyo kikitembea. Winchi ikalia, mnyororo ukakaza, na ile meli ikaanza kutoka majini, maji yakimwagika pande zote. Nilimshika Halima mkono nikamuumiza. Ilipofika katikati ya mteremko Serahangi Sudi akainua mkono. Kila kitu kikasimama.

Alitaka kukagua kabari. Mimi sikulijua hilo. Nilichojua ni kwamba kitanda husimamisha moyo wa mtu pale kinapoanza kuondoka baada ya kusimama. Jua lilikuwa la utosini, na mbao zilikuwa za moto hata ukizitazama kwa mbali. Sudi alizunguka kwa taratibu zake zote, akagonga hapa, akagonga pale. Nilitamani kumpigia kelele atoke. Kisha akashusha mkono.

Mnyororo ukakaza. Nikasubiri kile kishindo. Hakikuja. Meli iliondoka pale ilipokuwa kana kwamba haikuwa imesimama, ikapanda, ikafika juu, ikagongewa kabari zake. Sudi akainama, akaweka kiganja kwenye mbao, akatuonyesha kile kiganja. Kilikuwa kinang'aa mafuta.

Siku chache baadaye manowari ikashushwa, na stima ya mizigo iliyokuwa ikingoja nje ikapandishwa juu ya kitanda kile kile na magogo yale yale, mafuta yetu yakiwa katikati. Hakuna aliyebomoa kitu. Wafanyakazi walikuwa wakitazamana kama watu waliopewa mapumziko bila kuyaomba.

Stima ilipotulia wakaingia chini yake na vyuma vya kukwangulia. Tumbo la ile meli lilikuwa juu ya vichwa vyao, jeusi, zito, linadondosha maji. Wakakwangua makome mpaka ikapigwa kengele ya chakula. Wengi wakatoka nje kufuata kivuli cha ukuta. Mmoja, kijana mwembamba, hakutoka. Alichagua pahali pakavu chini ya mkuku kabisa, ule uti wa mgongo wa meli, akaegemeza mgongo kwenye gogo, akanyoosha miguu, akafungua kifurushi cha muhogo wa kuchoma. Akaanza kula. Meli nzima ilikuwa juu yake, naye alikuwa anachagua kipande kisicho na mizizi. Hakuinua macho hata mara moja.

Halima akaniona nafuta uso kwa kanga.

"Sechelela, unalia nini sasa? Imepanda, si imepanda?"

"Mtazame yule," nikamwambia. "Anakula."